Mshahara wa Pumba, Vidonge Tisini

BARAKA, Kivu Kusini, 2002 — Saa moja asubuhi. Uji umeiva, umemiminwa kwenye kikombe cha bati na kufunikwa, na Vanessa anakitazama kile kifuniko. Ana miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minane. Tangu jana jioni hajatia kitu tumboni ila maji na kidonge kimoja cha kuongeza damu.

Kikombe kiko karibu na goti la mama yake, Florentine, anayechekecha unga mbele ya mashine ya kusaga ya mzee Bonaventure. Vanessa akinyoosha mkono, mama anausukuma kwa kiwiko bila kulisimamisha chekeche.

Wanawake walio kwenye foleni ya mahindi wananong'onezana. Mmoja anasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumnyima mjamzito uji ni laana. Florentine anaendelea kuchekecha. Anasikilizia gongo la shule, ambalo ni rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa kwa waya, na mlinzi huigonga kwa nondo saa moja na robo.

Gongo linalia. Mama anafunua kikombe. Vanessa anakunywa bila kupumua, na machozi yanamtoka kwa sababu uji bado ni wa moto.

Florentine ana miaka arobaini na saba. Hapa mashineni hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Nadège, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na jina hilo limeendelea kuitwa kila siku ingawa mwenyewe yuko makaburini tangu mwaka 2000.

Kazi yake inaeleweka haraka. Mahindi hutoka mashineni unga na pumba vimechanganyika. Mwenye mahindi akitaka unga mweupe wa bugali, Florentine anamchekechea, na kinachobaki juu ya chekeche ndicho ujira wake. Analipwa pumba. Kwa siku nzima ya kupiga magoti hupata pumba za kujaza kama makopo manne ya maziwa ya unga, yale ambayo watu wa hapa huyaita guigoz.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya vita alilipwa unga, makopo mawili kwa siku, na pumba aliwarushia kuku wake. Alikuwa nao kumi na mmoja. Wenye bunduki waliwamaliza kwa siku mbili mwaka 1996, na miaka miwili baadaye, vita ilipowaka tena, wakaweka kizuizi kwenye njia anayopita kurudi nyumbani. Watu wa huku wameacha kujisumbua kukariri majina ya makundi. Majina hubadilika, lakini mkono unaoingia kwenye beseni ni uleule.

Waliuchukua unga wake mara tatu kwa wiki moja. Kabla ya mara ya nne, yeye mwenyewe alimwendea mzee Bonaventure na kumwomba amlipe pumba.

"Pumba hakuna muntu anaiba," anasema. "Unga balikuwa banachukua yote, hata ile ya kushika kwenye kitenge balikuwa banapukuta. Lakini ukipita na pumba, banakuchekelea tu. Banasema, pita, mama ya kuku."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Pumba zilifika nyumbani, zikapikwa uji asubuhi na bugali jioni, na watoto wakalala wameshiba. Mtu mwenye akili zake timamu angefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapozirudia kumbukumbu alizonipa.

Mwaka 1999 Nadège alipata mimba. Kwenye kituo cha afya cha kijijini kwao, ambacho wenyeji hukiita Santé, muuguzi Néhémie alimpa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya damu. Vilimletea kichefuchefu. Néhémie akamshauri avimeze pamoja na chakula. Ni ushauri wa kawaida, na muuguzi yeyote angeutoa.

Chakula kilikuwa uji wa pumba.

Kisha vidonge vile vikamfunga choo, kama vinavyowafanyia wengi. Mama akapata dawa ya hilo pia, kwa kuwa kila mtu anajua pumba hufungua tumbo. Akaongeza konzi ya pili ndani ya uji, na baadaye ya tatu. Tumbo likafunguka, na nyumba nzima ikafurahi.

"Ni miye niliongeza. Na hii mukono," anasema Florentine, akiunyanyua mkono wa kuume. Umekuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kisukusuku.

Nadège alimeza vidonge tisini kwa miezi mitatu na hakuruka hata siku moja. Siku waliyokimbia risasi na kulala mlimani alikuwa amevifunga kwenye pindo la kitenge. Lakini ndani ya kope zake za chini palibaki peupe kama karatasi, na uchungu ulipomshika, akatokwa na damu ambayo mwanamke mwenye akiba ya damu angeistahimili. Yeye hakuwa na akiba. Alifariki adhuhuri, na mtoto wake hakufika jioni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Florentine mjukuu hakukaa, majuto ndiyo yaliyokaa.

Kwa mwaka mzima aliamini kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kisha Néhémie akaenda Uvira kwenye mafunzo ya siku tano. Huko alifundishwa kwamba pumba, hasa za mahindi, huyashika madini ya chuma tumboni na kutoka nayo chooni, na mwili ukaambulia kidogo sana. Aliambiwa zipo dawa nyingine, baadhi za moyo na za kifafa, ambazo nazo huweza kupungua nguvu zikimezwa pamoja na vyakula vyenye makapi mengi. Pumba si sumu. Kosa ni kuzikutanisha pumba na dawa tumboni kwa saa ile ile.

Aliporudi hakupitia kwake kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Florentine, akamkuta anapepeta, akabaki amesimama.

"Mama Nadège, ni miye nilimwambia ameze na chakula," alisema.

Florentine alipepeta mpaka ungo ukaisha.

"Haukumuuliza chakula gani," akamjibu.

Néhémie hatafuti la kujitetea. Ananieleza kwamba malaria, minyoo na njaa navyo hula damu, na kwamba katika vita hivi wanawake wanafika kwake wakiwa na vyote vitatu. Hakuna mtu awezaye kupima Nadège aliuawa kwa kiasi gani na kipi.

"Nikimwambia ni pumba tu, iko bongo, namudanganya. Nikimwambia si pumba, iko bongo pia," anasema. "Kwa hiyo namwambia vile najua, na yeye ananiangalia."

Wa kwanza kulielewa somo lile alikuwa Florentine mwenyewe, kwani habari za kitu kupita na kitu kubaki ndiyo kazi yake. Vanessa aliposhika mimba, mama alitaka kujua mambo mawili tu: ni saa ngapi zipite kati ya kidonge na uji, na uji upi. Néhémie akamwambia saa mbili, na afadhali uji wa unga uliochekechwa.

Masharti mepesi, kwa mtu wa nchi yenye amani. Nyumbani kwao hakuna saa, na jogoo waliliwa. Wao ni Wakatoliki, lakini jirani yao mzee Uledi huadhini alfajiri kwenye msikiti mdogo wa ufukweni, na sauti yake ikipanda Vanessa humeza kidonge kwa maji matupu. Gongo la shule likilia, saa mbili zimeshapita. Kichefuchefu kikimpanda, mama humsugua mgongo.

Unga ndio uliokuwa kitendawili. Usingevuka kizuizi. Florentine alikaa usiku kadhaa bila usingizi, kisha akamwomba mzee Bonaventure jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwomba: kopo moja la unga kila siku, lipikwe palepale mashineni, linywewe palepale.

"Kwenye beseni banaingiza mukono," anasema. "Kwenye tumbo habawezi."

Bonaventure alikubali, ila akampunguzia kopo moja la pumba kati ya matano. Basi kila kunapopambazuka Vanessa hutembea saa nzima na tumbo lake la miezi minane kuufuata uji, kwa kuwa uji hauwezi kumfuata. Jioni anarudi na mama yake, na zile pumba zilizobaki wanakula wadogo zake.

Mwezi uliopita milio ya risasi ilifunga shule kwa siku tisa. Siku ya kwanza gongo halikulia, na Florentine alilisubiri. Vanessa alikaa na kikombe mbele yake hadi jua likasimama utosini, akaanguka. Wanawake walimpokonya mama kikombe wakamnywesha binti. Mmoja alimwita mchawi. Siku hizi kuna jiwe ambalo Florentine amelichora alama ya mkaa, na gongo lisipolia anasubiri kivuli kifike kwenye alama.

"Banasema nimechanganyikiwa," anasema. "Banasema kweli."

Leo ni Alhamisi, siku ya wajawazito. Adhuhuri tunafuatana hadi Santé. Kwenye kizuizi askari anatia mkono ndani ya beseni la Florentine, anautoa umejaa pumba, anajipangusa kwenye suruali na kutupungia tupite.

Néhémie anavuta ukope wa chini wa Vanessa, anautazama kwa muda mrefu. "Bado," anasema. "Lakini si kama mwezi uliopita."

Florentine haridhiki na maneno. Anamgeuza binti kuelekea mwanga wa mlango, anavuta ukope kwa kidole chake mwenyewe, na mimi nachungulia nyuma yake. Naona wekundu hafifu, wa kubahatisha. Zimebaki wiki nne.

Namuuliza Florentine anatamani nini baada ya hapo.  Hataji amani, hataji nyumba. Anasema akizaa salama huyu, atatafuta kuku.

"Moja tu," anasema, akilitwika beseni. "Aje akule hii mushahara yangu. Ilikuwa yake."