Nguo ya Kifua

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Tandika, nimeshika ufagio na sijui nafagia nini. Nilikuwa nimegusa kijivimbe kwenye titi la kushoto wakati navaa, na tangu hapo situlii. Nikiketi nasimama, nikilala nageuka, chai inanipolea mkononi.

Nimwambie nani, mwanangu? Mama hata jina la sidiria alikuwa halitaji. Aliiita "kile kitu", na uani tulikianika kwa kukifunika kanga, jua lenyewe lisikione.

Aliyenishtukia ni bibi mzaa baba, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwetu.

"We mke mwenzangu, una nini? Tangu juzi unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Kile kitu kinanibana, Bibi."

"Kitu gani hicho? Hakina jina?"

Nikatazama mlangoni kwanza, kisha nikanong'ona, "Sidiria."

Bibi akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Ndiyo hilo tu? Neno hilo limetoka kwa Waarabu. Sadri ni kifua. Sidiria ni nguo ya kifua, basi! Hiyo sadri unaisoma kwenye Kurani hapa barazani kwa sauti kubwa, wanaume wanapita njiani wanakusikia. Leo kifua chako mwenyewe unakionea haya?"

Machozi yakanitoka, nikamweleza yote. Kicheko kikamkatika. Hakungoja hata watoto wamalize somo, akanishika mkono tukaenda hospitali. Kijivimbe kilitolewa, na namshukuru Mungu hakikuwa kibaya.

Tukiwa njiani kurudi, ndipo aliponiambia kilichomuua shangazi yangu Zuhura, binti yake wa kwanza. Ulikuwa uvimbe, palepale pangu.

"Yeye aliona haya kuniambia," Bibi alisema. "Na mie mama yake niliona haya kumuuliza."

Mwanangu, siku hizi sidiria zinanadiwa sokoni kwa kipaza sauti, wala hakuna anayegeuka. Lakini mabinti bado wananyamaza, nami roho hainitulii nikiwaona. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukigusa mwilini mwako kitu usichokielewa, kitaje kwa jina lake siku hiyohiyo, kwa mama, kwa shangazi, kwa daktari. Na ukijaliwa binti, usimngoje aanze. Muulize wewe.

Mola akupe afya ya kifua, na asikunyime mtu wa kumwambia.