Mto Uliokuja Siku ya Kuondoka

Tuliambiwa tutaondoka Ijumaa. Ijumaa ikafika, tukaambiwa Jumanne. Jumanne redio ikasema malori yaliyokuwa yawalete wenzetu wa kutupokea zamu yamepata shida, tungoje. Askari haulizi shida gani. Anajibu, "Sawa, afande," halafu anarudi kuketi juu ya begi lake.

Langu nilikuwa nimelifunga mapema mno. Asubuhi nililifungua nikatoa soksi, jioni nikatoa fulana, kesho yake nikatoa sahani, mpaka likabaki limenywea, na vitu vyangu vyote vikawa vimerudi kwenye kamba ya hema vilikokuwa tangu mwanzo.

Kambi yetu ilikuwa kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Nyambene, pale ambapo mashamba ya Meru yanaishia na nchi ya wafugaji inaanza. Tulipelekwa huko baada ya wizi wa mifugo kuzidi na watu kuanza kuuana. Kufikia wakati ninaousimulia kulikuwa kumetulia, na utulivu nao una kazi yake. Tuliamka kabla ya jua, tukalala kifudifudi ndani ya mahandaki, bunduki zikiangalia vichaka, mpaka kupambazuke na yule tuliyemdhania adui aonekane kuwa ni mbuzi. Kisha uji. Kisha doria kwenye miiba. Kisha wali na maharagwe. Kisha kujaza upya magunia ya mchanga yaliyotobolewa na mchwa. Kisha wali na maharagwe tena. Vumbi lilikaa kwenye meno. Hata katika usingizi nilikuwa nikilitafuna.

Waliowahi kutumwa nchi za nje hunicheka nikisema hili, lakini kilichonitesa zaidi ni kuwa karibu na kwetu. Asubuhi isiyo na mawingu niliuona Mlima Kenya upande wa kusini-magharibi, theluji yake ikianza kushika rangi ya jua. Nyumbani kwetu Kianjokoma ni nyuma ya mlima huohuo, upande wa Embu. Nilijua kwamba muda huohuo mke wangu yuko kwenye majani chai, kikapu mgongoni, sketi imelowa umande mpaka magotini. Ningekuwa ndege ningefika kabla kikapu hakijajaa. Sikuwa ndege. Nilikuwa mtu anayesubiri lori.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nje kidogo ya uzio, na tulipanga foleni kulipanda. Siku niliyomwambia mke wangu kwamba tumeahirishwa tena, alianza kwa kuwafukuza kuku mlangoni. Nilisikia kuku wetu.

"Baba watoto," akasema, "kama hutaki kurudi, sema tu."

"Nani amekuambia sitaki?"

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo. Mtoto nimemwambia Ijumaa mpaka amezoea. Siku hizi kitu chochote ambacho hakipo anakiita Ijumaa."

Nilishuka kwenye jiwe, nikampisha aliyefuata.

Hema nilichangia na koplo mmoja, mtu wa Kiritiri, mpole, aliyekulia kwenye mito mikavu ya Mbeere ambako vijana huchota mchanga na kuupakia malori. Tulikuwa tumepatana tangu siku ya kwanza. Lakini kufikia wiki hizo za mwisho nilikuwa siwezi kuvumilia anavyokwangua sahani na kijiko, na yeye alikuwa hawezi kuvumilia ninavyokohoa asubuhi. Siku moja nilimnyang'anya kile kijiko, akasimama, nikasimama, na kama sajini hangepita hapo tungezipiga. Sajini alikuwa mtu mzima, karibu kustaafu. Alitutazama kama mzazi anayetazama watoto waliomwaga maziwa.

"Mnapigania kijiko," akasema. Akaondoka nacho. Siku hiyo koplo alikula kwa mkono, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Hatimaye redio ilisema jambo la kweli. Malori yametoka Maua, yako njiani. Kambi nzima ikasimama. Watu wakanyoa ndevu, wakapiga buti rangi, wakacheka ovyo. Sajini akanituma mimi na koplo tukachote maji, ili wanaokuja wasikute matangi matupu. "Ndiyo kazi yenu ya mwisho," akasema. "Msinivunjie mitungi."

Maji tuliyachota kwenye laga, ndivyo wenyeji wanavyoita mto mkavu. Ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, mchanga mtupu, umekauka tangu tulipofika na miezi mingi kabla ya hapo. Ulipita kati ya kambi na barabara, na magari yaliuvuka kama yanavyovuka uwanja. Katikati kulikuwa na kisima kilichochimbwa mchangani, kirefu kupita mtu. Mmoja huingia ndani, anachota kwa kikopo na kujaza ndoo, mwingine anavuta kwa kamba. Nikaingia mimi.

Pembeni yetu alikuwa mama mmoja wa Kiborana, tuliyezoea kumwona hapo na punda wake. Tulisalimiana kila siku, na yeye alitucheka kila siku, kwa sababu tulichota maji vibaya na kumwaga mengi.

Upande wa Nyambene kulikuwa na wingu jeusi tangu jana yake. Hatukulijali. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, hakuna tone. Mbali, ng'ambo ya laga, vumbi lilikuwa limeanza kupanda, na koplo akaniita kutoka juu.

"Malori! Naona vumbi ya malori!"

Nikacheka ndani ya shimo, kikopo mkononi. Kisha nikasikia punda wakitimka. Sikusikia kingine chochote. Mama akapiga ukelele.

"Toka! Nyinyi toka hapo! Maji nakuja!"

Nilidhani anatukana mtindo wetu wa kuchota. Lakini uso wake ulitokea juu ya shimo, na haukuwa uso wa mzaha. Aliutupa mtandio wake chini, akalala kwenye mchanga, akanyoosha mkono. Koplo akashika mkono wangu mmoja, yeye akashika mwingine, wakanivuta kama mzigo. Nikataka kurudi kuchukua mitungi. Mama akanishika mshipi wa sare, akanikokota. Sijawahi kukokotwa hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Tulikimbia kwenye mchanga unaozamisha miguu, tukaupanda ukingo kwa mikono na magoti, na ndipo niliposikia.

Mwanzoni sikujua kama ni sauti. Ardhi ilikuwa inanguruma chini ya tumbo langu. Kisha ukaja upepo wa baridi, wenye harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nilipoondoka nyumbani: harufu ya shamba lililonyeshewa. Halafu mto ukatokea kwenye kona.

Haukuja kama maji. Ulikuja kama kitu kinachotembea, ukuta wa rangi ya kahawia, mbele yake povu na matawi yakipindukapinduka, na mbele ya povu vumbi likirushwa na upepo wake. Ulimeza kisima chetu bila hata kupunguza mwendo. Mitungi yetu ya plastiki iliruka juu mara moja, ya manjano, ikapotea. Mti mzima ulipita ukiwa na mizizi yake, umesimama wima kidogo, kisha ukalala. Dakika moja iliyopita nilikuwa chini ya mchanga ule nikicheka, na sasa jua lilikuwa linawaka juu yake kana kwamba mto ulikuwa hapo tangu dunia ianze.

Nilijikuta nimevua kofia. Koplo naye alikuwa amevua yake. Mama alikuwa amekaa chini, mikono wazi, midomo ikienda taratibu, na machozi yakimtoka bila kilio. Nilidhani analilia mtandio wake, au ni hofu. Baadaye alituambia kwamba ng'ombe wao wengi walikwisha kufa, na waliobaki hawakuwa na siku nyingi.

Askari wote walitoka kambini mbio. Walipofika ukingoni walisimama mmoja baada ya mwingine, wengine povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Sajini alisimama mbele yetu, mikono nyuma. Na ng'ambo, malori tuliyoyangoja wiki baada ya wiki yalifika, yakasimama ukingoni, wenzetu wakashuka. Wakatutazama. Tukawatazama. Katikati yetu, mto.

Mtu mmoja akapunga mkono kutoka kule. Mmoja wetu akapunga. Kisha sajini akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho hatukuwahi kukisikia, akacheka mpaka akainama na kushika magoti, na sote tukacheka, na ng'ambo nao tukawaona wakicheka, ingawa hatukusikia chochote.

Nilitazama mpaka jua likashuka. Maji yalileta vitu ambavyo nchi ile haina: migomba na mikungu yake, maparachichi mabichi yakidunda juu ya mawimbi, kiti cha plastiki cha bluu. Kwetu Kianjokoma mto ni kitu unachoruka ukienda dukani. Mama yangu anafulia pale, tunaosha miguu pale tukienda kanisani. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona maji yakiteremka kutoka mlimani, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza yanaenda wapi. Koplo aliketi kando yangu.

"Kwetu pia mto huja," akasema. "Lakini si hivi. Hivi sijaona." Akafungua pakiti ya biskuti, akaongeza, "Wewe ulikuwa chini kabisa."

"Nilikuwa chini."

Alinipa nusu ya biskuti zake.

Tulingoja siku mbili maji yapungue, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Vyura walitokea, sijui kutoka wapi. Ng'ombe waliletwa, mbavu zikihesabika, wakaingia mpaka kifuani na kusimama tu humo, hata kunywa wakasahau. Wafugaji waliimba. Sajini aliagiza sukari na majani ya chai vitolewe stoo, yeye mwenyewe akampelekea mama yule, akampigia saluti. Mama alimtazama, akamrudishia saluti kwa mkono wa kushoto, watu wakashangilia.

Siku ya tatu tulivuka kwa miguu, mizigo kichwani, tumeshikana mikono, maji yakitufika mapajani. Wenzetu walivuka kuja upande wetu wakati huohuo. Katikati ya mto tulikutana, na kijana mmoja mwenye buti mpya shingoni akaniuliza, "Huku kukoje, afande?" Nilifungua mdomo, maji yakanisukuma, nikasema, "Ukiona punda wanakimbia, kimbia nao." Akadhani natania.

Lori lilipopanda milima ya Nyambene tulikuta barabara imefunikwa na matope. Tukashuka na koleo. Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye shamba lake kando ya barabara. Upande mmoja kulikuwa na miraa na kahawa iliyosimama vizuri, na upande wa pili hakukuwa na kitu, ila mfereji mwekundu uliochimbwa na maji.

"Ilipita hapa," akatuambia. "Maji ilichukua ndizi yote. Hata kiti ya wageni."

Sikutaka kumwambia. Lakini nikamwambia: kiti nilikiona, cha bluu, na ndizi niliziona pia. Akanikazia macho.

"Uliona wapi?"

"Chini kabisa. Kwenye nchi kavu. Huko ng'ombe walikuwa wanakufa, mzee. Sasa wanakunywa."

Alitazama bonde, ambako ukungu ulikuwa umefunga na hakuna kilichoonekana. Alikuwa amezeeka kwenye mteremko ule na hakuwahi kushuka mpaka huko. Akatikisa kichwa polepole. "Inafika huko?" akauliza. "Hii maji yangu?" Akachukua jembe lake, akaja kutusaidia kuondoa matope, na kila mara alisimama kidogo kutazama bonde.

Nyumbani nilifika jioni. Mtoto alijificha nyuma ya mama yake, na mke wangu akanishika uso kwa mikono miwili. Habari ya mto sikuisimulia mpaka baada ya siku kadhaa, tukichuma chai na mama yangu. Alisikiliza bila kuacha kuchuma. Nilipofika kwenye mkono ulionivuta kutoka shimoni, vidole vyake vikasimama juu ya kichaka.

"Huyo mama mlimpa nini?"

"Sukari. Na majani ya chai."

"Majani gani? Ya dukani?"

"Ya stoo, mama. Ya kambini."

Akaguna, akatupa majani kikapuni. "Mtu amekutoa kaburini, unampa majani ya pakiti," akasema, akahamia kichaka cha pili. Kisha akauliza kama huko kuna baridi, na kama watu wa huko wanakunywa chai na maziwa, na yule mama ana watoto wangapi. Sikujua. Tuliendelea kuchuma mpaka mvua ikaanza.