Makofi ya Lundo

Namshukuru Mungu aliyetupa mikono ya kufanyia kazi na kumsifu, maana juma lililopita mikono ya watu ilinifundisha unyenyekevu.

Mimi ni katekista, Mmatengo wa milimani. Kwetu ukipigiwa makofi, umependeza. Nilikwenda kufundisha Lundo, ufukweni mwa ziwa, nikawakuta akina mama wameanika usipa mchangani, samaki wadogo ambao ndio kitoweo chao cha masika. Waliuacha, wakaja kanisani.

Nilipomaliza kufundisha, walipiga magoti, wakapiga makofi polepole. Moyo ukanijaa. Kumbe wanataka zaidi! Nikaongeza habari za Nuhu. Wakapiga tena, safari hii wakitazama mlango. Nikapandisha sauti. Ngurumo ikasikika ziwani, nami nikaisifu kwa kunisaidia kueleza gharika.

Ndipo mama mmoja akasimama. "Shikamoo, baba katekista. Huku kwetu makofi haya ni kuomba ruhusa ya kuondoka. Tumeomba mpaka viganja vinawaka moto. Nuhu alikuwa na safina, baba. Usipa wetu hauna!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nilishika kanzu yangu nikatoka mbio mbele yao, tukazoa usipa wote pamoja, mvua ikatukuta tukiingiza kapu la mwisho.

Mungu ambariki mama yule kwa ujasiri wake. Nawe unayesoma, akujalie mtu wa kukukatiza kwa upole kabla mvua haijanyesha.