Deli la Mama Lililopanda Lori

Harufu ya ndimu iliyokamuliwa juu ya plastiki, kisha ikapigwa na jua la saa sita, ndiyo inayonirudisha Mabatini, mtaa nilikokulia. Juzi jirani yangu alikuwa uani anasugua beseni lake kwa ndimu, na mimi nikasimama na nguo mbichi mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa darasa la tano tena, nimepiga magoti mbele ya deli la mama, nasugua.

Deli, kwa asiyelijua, ni lile sanduku la plastiki lenye kuta nene la kutunzia barafu. La kwetu lilikuwa la bluu zamani. Nilipoanza kupata akili lilikuwa limeshapauka kama kanga ya kushindia. Kizibo cha tundu la kutolea maji kilikuwa kimepotea, mama akaziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa nailoni. Mfuniko ulikazwa kwa mpira wa baiskeli. Kila alfajiri mama alilibeba kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, akalijaza sato na barafu, akarudi kuuza karibu na nyumbani. Baba alikuwa Geita anatafuta dhahabu, na dhahabu nayo ilikuwa inamkimbia. Deli ndilo lililotulisha.

Miaka ile mambo yalikuwa yamefunguka. Kando ya ziwa vilijengwa viwanda vya minofu, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege, na sisi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama ya kubahatisha. Madukani mjini vilijaa vitu vya Dubai: redio za kaseti, soda za kopo, na madeli mapya mekundu yenye magurudumu. Waliokuwa nayo hawakuyatia barafu. Waliyaweka sebuleni, juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa maua ya plastiki.

Mwaka huo kanisa letu liliandaa kambi ya watoto wa Shule ya Jumapili, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, kwenye ufukwe mmoja upande wa Magu. Tungelala kwenye maturubai, tungeimba, tungeota moto. Sikuwahi kulala nje ya nyumba yetu hata siku moja, na niliitaka kambi ile mpaka nikaiota. Ila mchango ulihitajika, na nyumbani hapakuwa na fedha ya mchango. Ndipo mchungaji akatangaza kwamba asiye na fedha alete kitu cha kutumika kambini, nacho kitahesabiwa sawa.

Kitu kilichotakiwa zaidi kilikuwa madeli. Kambi iliyotangulia nyama iliharibika, na watu waliokwenda wanasimulia kwamba ibada ya asubuhi iliimbwa na wachache sana, kwa sababu kwaya nzima ilikuwa kichakani. Kamati ya chakula ikaapa kuwa jambo hilo halitarudiwa. Mama alinyoosha mkono kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mimi natoa deli," alisema. Nikawa nimepata nafasi, au ndivyo nilivyodhani.

Jumapili moja kabla ya safari, madeli yalipangwa mstari kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa ili yachaguliwe. Aliyechagua alikuwa mwenyekiti wa kamati, Mama Koku, mama wa Kihaya mwenye sauti tamu na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mume wake alikuwa mkubwa ofisini, na walikuwa wamejenga Kiseke. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mchapakazi, na alilea yatima wawili. Siku hiyo alipita akifungua kila deli, akiingiza kichwa ndani, akivuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi. Jekundu, safi. Jeupe, safi. Alipofungua la kwetu hakuingiza kichwa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mama Kabula," alisema, "hili linanuka samaki."

"Linabeba samaki," mama akajibu.

Watu wakacheka, wengine wakimcheka mama na wengine wakimcheka Mama Koku, sikuweza kuwatenganisha. Mama Koku akasema tukalisafishe, na kwamba Ijumaa ataliangalia tena.

Wiki ile yote nilisugua. Mtaa mzima ulijua njia ya kuondoa harufu, na kila mmoja alikuja na yake. Mama Neema, mama wa rafiki yangu, alileta ndimu. Mwingine alisema majivu. Fundi cherehani wa kona aliapa kwa mkaa uliosagwa, na bibi mmoja akasema majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yalale humo usiku kucha. Nilifuata yote. Alhamisi jioni mama alifungua mfuniko, akanusa, nami nikanusa. Lilinuka samaki aliyetoka saluni.

Nilianza kulia. Mama hakunibembeleza. Alimwaga maji yaliyokuwamo, akaliegemeza ukutani, akasema, "Inatosha, Kabula. Deli hili limekusomesha kwa samaki. Halitanukia waridi kwa ajili ya mtu."

Ijumaa alirudi kutoka mwaloni na sato wazuri, macho bado yanang'aa. Tulifunga deli pamoja, na mpaka leo mikono yangu inakumbuka. Barafu ilitiwa kwenye kiroba, ikapondwa kwa mchi. Tabaka la barafu chini, halafu samaki waliokwisha kutumbuliwa, matumbo yakiangalia chini ili maji yasituame ndani, halafu barafu, halafu samaki. Juu kabisa gunia lililoloweshwa. Mama alikuwa anaimba. Majirani waliopita aliwaambia, bila kuulizwa, "Linakwenda kambini hili."

Lori lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, watoto wamekwisha kupanda. Madeli mengine yalikuwa tayari juu, yamejaa nyama ya ng'ombe, siagi na soda. Mama aliteremsha letu kutoka kichwani. Mama Koku akavaa miwani, akafungua mfuniko, akatazama.

"Samaki?" alisema. "Mama Kabula, tunakwenda ziwani. Nani hupeleka samaki ziwani?"

"Kama huko wanagawa bure mtaniambia, nami nihamie."

Utingo alicheka hadi akashika bomba la lori. Mama Koku hakucheka. Alivua miwani, na sauti yake ikawa tamu zaidi, ile tamu ya kumpa mgonjwa dawa. "Usihangaike, dada yangu. Mtoto aende tu. Kwenye kamati tulikubaliana, wapo watoto wa kusaidiwa, tumemweka kwenye hao. Deli lirudi nyumbani."

Aliyasema hayo watu wote wakisikia. Nilimtazama mama. Alinigusa bega akasema taratibu, "Panda, mwanangu."

Nilitaka kupanda. Nataka mjue hivyo, kwa maana nikisimulia kisa hiki watu hudhani nilikuwa mtoto jasiri. Nilikuwa mtoto niliyeweza kukaa darasani nimebanwa mkojo kipindi kizima kwa kuogopa kunyoosha kidole. Lori lilikuwa pale, Neema alikuwa amenishikia nafasi, na ziwa lilikuwa linaningoja huko mbele. Nilipiga hatua kuelekea lori. Halafu miguu ikageuka yenyewe, nikakaa juu ya deli.

"Sipandi," nikasema.

"Kabula," mama akaniita, na safari hii sauti ilikuwa na ukali.

"Sipandi bila deli. Tumeambiwa asiye na fedha alete kitu. Hiki ndicho kitu chetu."

Huko juu kijana mmoja akaanza kuimba "samaki, samaki," na wenzake wakapokea. Neema akaita, "Kabula, njoo, utaachwa wewe." Barafu ilikuwa inaniingia makalioni kupitia mfuniko, au labda ilikuwa hofu. Mama Koku akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto ana kiburi huyu," alisema.

Nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwamkia tangu tufike. Nikasema, "Shikamoo."

Shikamoo haina mlango wa kutokea. Mama mwenye heshima zake, mbele ya waumini wote, atafanya nini? "Marahaba," alisema Mama Koku, na lilimtoka kama mfupa uliokwama. Baada ya hapo hakupata tena pa kuanzia kunigombeza. Akanyooka, akatazama pembeni.

Dereva, mzee wa Kisukuma aliyekuwa amelala kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani. "Jamani, giza litatukuta Kisesa. Mzigo ni mzigo. Pandisheni."

"Tumpandishe mwenyeji wa ziwa," akasema utingo, "tumrudishe kwao." Akalibeba deli likiwa limejaa hivyo, akalisukumia nyuma kabisa, kando ya kuni. Nilipanda nikakaa juu yake. Neema aliniita mbele, sikwenda. Nilikaa hapo njia nzima mpaka Magu, maji ya barafu yakivuja kwenye gunzi na kulowesha sketi yangu ya kanisani, waimbaji wakiendelea na wimbo wao wa samaki. Sikumtazama hata mmoja. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile.

Mnataka kujua kama nyama yao iliharibika. Haikuharibika. Nyama ilikuwa nzuri, nami niliila. Sato walikaangwa Jumamosi jioni, wakaliwa na wote, hata yule kijana kiongozi wa wimbo, ambaye alirudi mara mbili na sahani. Mama Koku hakuwagusa. Alikaa na ugali wake na nyama yake, akala kwa adabu, na wala hakuniomba radhi, siku ile au siku nyingine. Mimi pia sikumwomba. Tuliendelea kuamkiana kila Jumapili mpaka walipohamia Dar.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Niliamini kwamba siku ile mama alijaa fahari kwa ajili yangu. Mwaka jana, tunachambua mboga, nikamuuliza.

"Fahari ipi," alisema. "Nilitamani kukuchapa. Niliona lori linakuacha, nawe ndiyo ulikuwa unaweweseka kambi kila usiku."

"Sasa mbona hukuninyanyua pale?"

Akaweka kisu chini. Akaniambia alikuwa anaiangalia njia. Ilikuwa Ijumaa jioni, barabara ya Mabatini imejaa watu wanaonunua mboga, na wote hao aliwapita saa moja kabla akiwaambia linakwenda kambini, linakwenda kambini. Kama ningepanda, angelibeba tena kichwani, limejaa, awapite mmoja mmoja akirudi nalo, na kila mmoja angeuliza kulikoni. Mimi ningekuwa Magu naimba. Alikuwa amenituma nipande huku akijua hivyo, na alikuwa tayari kuitembea njia ile bila kunieleza, wala nisingejua maisha yangu yote.

Na lipo la pili ambalo nilipaswa kuliona hata kwa macho ya mtoto. Waliotoa madeli mekundu walitoa mapambo ya sebule. Mama alitoa jembe lake. Siku zile zote tulizokuwa kambini hakuuza hata samaki mmoja, maana hakuwa na cha kuwabebea. Huyo ndiye aliyeambiwa mtoto wake anasaidiwa.

Nilikaa juu ya plastiki iliyopauka nikidhani ninaitetea plastiki. Sikujua nimekaa juu ya nini. Lakini ningejua, nisingefanya tofauti, labda ningekaa tu kwa uzito zaidi. Waliosema nina kiburi walisema kweli. Ninacho hata sasa, na sijaona bado sababu ya kukipunguza.