Kwa Kumi na Senti Thelathini

Eliezeri alikuwa mtu wa kuuliza bei maduka matatu kabla ya kununua kiberiti. Miaka ishirini na mbili alikuwa karani wa mizani pale Marangu, akipima kahawa ya majirani zake, na kazi hiyo ilimharibu. Serikali ilipofungua milango ya biashara na kila mtu akaambiwa ruksa, wenzake walishangilia, yeye alichoka. Zamani bei ilikuwa moja, iwe nzuri iwe mbaya, unaipokea unakwenda zako. Sasa zilikuwa bei kumi, na kati ya hizo lazima ilikuwepo moja iliyozizidi zote, na Eliezeri hakupata raha mpaka aipate. Mkewe, Martha, alimwambia waziwazi kwamba huo si ujanja, ni maradhi.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa saba, ililetwa habari kutoka Mombasa. Mdogo wake Shedrack, fundi cherehani aliyeishi kule miaka kumi na tisa, alikuwa hospitali, ini limechoka, maji yamejaa tumboni. Salvina, mama wa Kirombo aliyepanga naye nyumba moja, ndiye aliyepiga simu. Alisema daktari hana dawa tena. Amemruhusu mgonjwa arudi kwao, lakini aondoke wiki hiyo hiyo, angali na nguvu za kukaa kwenye gari.

Mama yao, Bibi Aikaeli, alikuwa na miaka themanini na miwili na miguu isiyomfikisha hata kwenye zizi. Alimwita Eliezeri karibu na kitanda chake.

"Mlete nimwone akiwa na pumzi," alimwambia. "Maiti nimeshazika za kutosha."

"Nitamleta, mama."

Ukoo ukakaa Jumatatu jioni, wakachanga shilingi laki nne. Zingelipa hospitali na gari la kukodi kutoka Mombasa mpaka mlangoni, na akiba kidogo ingebaki. Hakuna aliyebisha nani apewe. Baba yao mdogo, mzee Ndelilio, alisema, "Apewe Eliezeri. Huyu hata Wakenya hawamwezi." Watu wakacheka, na Eliezeri naye akacheka, ingawa maneno yale yalimkalia begani kama mzigo wa ndizi.

Sasa, mtu anayetoka Marangu kwenda Kenya anashuka Moshi kufanya nini? Akifika Himo anakata kushoto, Holili ile pale. Eliezeri, Jumanne asubuhi, akakata kulia. Alisema anakwenda mjini mara moja tu kutazama bei. Byuro ya kwanza ya kubadilisha fedha iliuza shilingi moja ya Kenya kwa kumi na senti themanini za Tanzania. Ya pili, themanini na tano. Ya tatu, kijana wa dirishani alipunguza mpaka sabini na tano, na akaapa kwamba hapo anapata hasara. Eliezeri hajawahi kumwamini mtu anayeapa kwa ajili ya senti tano, kwa hiyo akarudi kwenye byuro ya kwanza kubembeleza washuke zaidi, akiwa na jasho, viatu vimemwuma, akakuta imefungwa kwa chakula cha mchana.

Saa tisa alasiri alikuwa Holili, mpakani. Wabadilishaji wa njiani walimzunguka na mabunda yao. Sabini na tano, hao nao. Angeweza kubadilisha pale pale. Gari la Voi, njia ya kwenda Mombasa, lilikuwa likiita abiria ng'ambo, upande wa Taveta. Lakini Eliezeri alijua jambo ambalo kila Mchaga wa barabara ile analijua: Jumatano ni soko la Taveta. Akina mama wanavusha ndizi na vitunguu alfajiri, wanauza kwa pesa ya Kenya, na mchana wanarudi wote pamoja wakitafuta pesa ya nyumbani. Pesa ya Kenya siku hiyo inashuka kama mvua. Mtu mwenye akili hanunui Jumanne.

Alisimama pale mpaka gari likaondoka. Alijiambia siku moja si kitu, Shedrack ni mgumu, tangu utoto ni mgumu. Akaenda Himo kulala kwa shemeji yake ili asilipe gesti, akalala vibaya.

Jumatano mambo yakawa kama alivyojua. Saa nne ilikuwa sitini. Saa sita, hamsini. Akangoja juani, amekumbatia mfuko, akamwona mama mmoja wa Kilema aliyeshika mauzo ya wenzake wote, amechoka kuliko yeye, aliyetaka tu kumaliza aende nyumbani, na kwake akapata kwa kumi na senti thelathini. Alikuwa amevuna karibu elfu moja na mia nane za Kenya. Alifurahi, tusimsingizie, alifurahi hasa, akanunua chai na maandazi mawili. Lakini magari ya Voi yalikuwa yamejaa watu wa soko, na lori alilolipata likasimama kila penye mzigo. Aliingia Mombasa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Salvina alimkuta kwenye lango la hospitali.

"Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

Salvina alisema kwamba jana Shedrack aliamka vizuri, akaoga, akavaa suti aliyoishona mwenyewe, na viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi akitazama mlango. Alasiri akaanza kutapika damu. Daktari amesema hasafirishwi tena. Hata Voi hafiki.

Eliezeri aliingia wodini. Mtu aliyekuwa kitandani alikuwa tumbo na macho tu. Suti ilikuwa imekunjwa kwenye kiti.

"Kaka," Shedrack alisema. "Umechelewa."

"Basi liliharibika. Tumelala porini."

"Basi la Jumanne?"

"La Jumanne."

Shedrack alifumba macho kitambo, akayafumbua. "Mama?"

"Anakusubiri."

Wote wawili walijua maana ya neno hilo, wakaliacha. Kisha mgonjwa akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekulia nyumba ile ile, na mama yule yule, na mizani ile ile kichwani, "Pesa umebadilisha kwa ngapi?"

Eliezeri aliona mfuko magotini mwake. Angesema thelathini, mdogo wake angejua siku, angejua saa, angejua kila kitu.

"Moshi," alisema. "Jumanne. Kwa kumi na themanini."

Shedrack alisikitika kweli kweli. Alitoa mkono chini ya shuka, mkavu, akamshika kaka yake kifundo cha mkono.

"Wamekuibia, kaka. Wewe wa kuibiwa hivyo? Ungengoja Jumatano. Soko la Taveta."

"Kweli," Eliezeri alisema, na machozi yakamshuka mbele ya wodi nzima. "Nimekosea, mdogo wangu." Na katika yote aliyomwambia tangu aingie, hilo halikuwa uongo.