Thuo na Sakafu Isiyotakiwa Kuisha

Thuo alikuwa fundi, na mimi Kipkemei nilikuwa msaidizi wake, yaani yule wa kubeba mawe, kuchanganya simiti na kutukanwa. Nasema hivyo mapema usije ukadhani nina hadithi tamu. Nitakuambia maisha yake jinsi nilivyoyaona na jinsi nilivyoyaharibu, na ukichoka, nenda zako.

Thuo alizaliwa kwenye shamba lile lile tulilofanyia kazi, la mzungu mmoja, juu ya Molo, njia ya Kuresoi. Baba yake, Mkikuyu, alikuja hapo kuchunga kondoo na akazikwa hapo hapo. Thuo alikuwa mfupi, mbishi, mpenda ugoro. Ukimpa ubao, anaunusa kwanza kabla ya kuupima. "Huu ulikatwa wakati wa mvua," anasema, na kweli, baada ya mwezi mmoja unaukuta umejikunja. Nilimpenda mtu yule. Nilimpenda sana, na sitaki mtu aniulize mara mbili.

Mwaka wa hamsini na tatu, Memsab, mke wa yule mzungu, aliamua nyumba yake imezeeka. Akataka sebule mpya iliyoungana na veranda, dari jipya, mahali pa moto pa mawe, sakafu mpya. Na mwaka huo huo Wakikuyu walikuwa wanafagiliwa kutoka mashambani. Anayekataa kupigwa picha ya kitambulisho, lori. Anayeshukiwa kula kiapo cha Mau Mau, lori. Asiyeshukiwa anapigwa mpaka ashukiwe, halafu lori. Nilimwona mzee aliyetufundisha kukata manyoya ya kondoo akiburutwa kwa ndevu zake mpaka barabarani, na nyumba yake inaungua nyuma yake. Nyumba za Wakikuyu kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa shamba, zilikuwa arobaini. Kufikia mwezi wa tatu ilibaki moja, ya Thuo.

Ilibaki kwa sababu ya sebule. Bwana, tuliyemwita Mashavu kwa vile mashavu yake yaliwaka akikasirika, alimwambia afisa wa polisi mbele yetu, "Huyu fundi wacha kwanza. Nyumba naisha, wewe nachukua."

Umesikia? Nyumba ikiisha, Thuo anachukuliwa, yeye na mkewe Wachuka. Na Wachuka alikuwa na mimba. Walikuwa wameshazika watoto wawili, wote walitoka kabla ya mwezi wao. Thuo alinishika mkono kule nyuma ya rundo la mawe akaniambia, "Miezi miwili tu, Kipkemei. Azalie hapa, kwa mkunga anayemjua, si juu ya lori. Baada ya hapo wanipeleke hata jehanamu."

Nikamwambia, "Basi tufanye pole pole."

Na tulifanya pole pole, ee! Thuo alipiga randa vipande vitatu vya mbao, podo kimoja, mutarakwa, yaani mwerezi, viwili, akavipaka mafuta na kuvisimamisha dirishani. "Memsab, angalia asubuhi, halafu angalia tena jioni. Jua likigeuka, rangi inageuka." Memsab akaangalia siku mbili. Akachagua podo. Thuo akakuna kichwa, "Podo ni nzuri, lakini wadudu wanaipenda sana." Wiki ikaenda. Tukaja kwa mawe ya mahali pa moto, ya kijivu au mekundu. Tukaja kwa chokaa ya ukutani, nyeupe kabisa au yenye manjano kidogo. Mama yule hakuwa na haraka, Mungu ambariki kwa hilo moja.

Lakini hata Memsab huishiwa na vitu vya kuchagua. Dari likapanda, kuta zikapakwa, ikabaki sakafu peke yake. Alitaka ya simiti yenye rangi nyekundu, ya kung'arishwa. Sasa sakafu ya namna hiyo, ukishaipiga niru juu, ule uji wa simiti, ikalainika, lazima uifunike na magunia yaliyoloweshwa maji siku kadhaa. Ukiyaondoa ikapigwa na jua na ule upepo wa Molo, inapasuka. Milango na madirisha tulikuwa bado hatujatia. Nilienda kula ugali wangu, na niliporudi nilikuta nyufa kutoka ukuta huu mpaka ule. Thuo alikuwa ameondoa magunia.

Mashavu akaja. "Nani nachanganya hii simiti?"

Thuo akatazama chini. Akasema, "Kipkemei, Bwana."

Nililazwa chini nikachapwa viboko kumi. Jioni Thuo alikuja kwangu na mafuta ya kondoo, akanipaka mgongo kwa mikono yake, huku analia. "Nisamehe, ndugu yangu. Mimi akinikasirikia, ananiitia lori kesho. Wewe akikuchapa, kesho bado uko kwako." Nikasema sawa. Nilikuwa na hasira, lakini nilisema sawa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sakafu ya pili ikapasuka. Viboko kumi na tano. Nikasema sawa tena, ingawa siku tatu nililala kifudifudi. Mke wangu Jerop aliniuliza, "Mgongo wako ni wa Thuo?" Nikamfokea anyamaze.

Siku ambayo sakafu ya tatu ilipasuka, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kericho. Nisikilize vizuri hapa. Mimi ni Mkipsigis, nimetahiriwa. Mbele ya mama mkwe mtu wa kwetu hata kutafuna anaona haya. Na Mashavu hakunichapa pale nyumbani kwake. Alinifuata kambini, akaniangusha mbele ya mlango wangu, akaamuru kaptura iteremshwe. Ishirini. Nilipoinua uso nilimwona yule mama amejifunika kichwa chote na shuka, anarudi njia aliyokuja, bila kuaga mtu.

Thuo angeweza kungoja kesho yake. Alijua nina mgeni, nilimwambia asubuhi!

Nilimkuta kwenye banda la mbao. Nilimpiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Akanipiga kwa ubao wa kulainishia, hapa juu ya jicho, kovu ndilo hili. Tukagaragazana kwenye takataka za randa mpaka nikamweka goti kooni. Akawa anasema kwa sauti ndogo, "Siku kumi tu. Zimebaki siku kumi tu." Nikamtemea mate usoni.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilimwaga ile sakafu mwenyewe. Niliipiga niru taratibu, kama nilivyomwona yeye akifanya miaka yote, nikafunika magunia, nikakaa mlangoni na rungu. Nilikaa pale siku nne. Jerop aliniletea chakula bila kunitazama. Thuo alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliniomba. Mara ya pili alikuja na Wachuka, tumbo lake liko mbele, akamsimamisha mbele yangu. Nikawarushia jiwe. Shetani gani alikuwa ndani yangu, sijui. Hapana, nasema uongo. Hakuwa shetani, ilikuwa hasira yangu mwenyewe na niliijua vizuri.

Siku ya tano niliondoa magunia, nikamwita Memsab. Alipiga makofi. Mashavu akapiga simu.

Lori lilikuja kesho yake asubuhi na maaskari sita. Thuo alikuwa sebuleni, anakusanya vyombo vyake vya kazi. Nje, Wachuka alikataa kupanda, akajishikilia kwa nguzo ya veranda. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki kwenye vidole. Alipolia, Thuo aliruka na nyundo akampata yule askari begani, mfupa ukasikika. Wakamrudisha ndani wote watano. Wakamlaza kifudifudi juu ya ile sakafu na kumponda kwa mabuti na vitako vya bunduki. Mmoja alimkanyaga kichwa akakaa hapo, kama mtu anayepumzika. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kitambaa cha kung'arishia mkononi. Sikusonga. Hata "wacheni" sikusema.

Walipoondoka, Memsab alilia. Halafu aliniambia nioshe haraka kabla damu haijaingia, kwa sababu simiti changa inanyonya. Nikaosha.

Baada ya siku kumi na mbili nilipanda gari la kubeba maua ya pareto mpaka Nakuru, nikatafuta ile kambi ya waya walikowekwa Wakikuyu kabla ya kusafirishwa. Thuo alikuja kwenye waya anaburuta mguu. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe.

"Wachuka alizaa usiku ule ule tuliochukuliwa," akasema. "Hapa chini, kwenye kokoto. Msichana. Alilia kidogo tu."

Nikamwuliza Wachuka yuko wapi.

"Upande wa akina mama. Haongei na mtu. Hata na mimi."

Nilianza kulia, mtu mzima, mbele ya maaskari. Nikamwambia, "Thuo, nitukane. Nitemee mate, nilikutemea. Sema kitu!"

Alinitazama kwa lile jicho lililobaki.

"Ile sakafu," akasema, "waliponilaza pale niliiona vizuri. Shavu langu lilikuwa juu yake. Haina ufa hata mmoja. Umekuwa fundi, Kipkemei."

Askari akampiga rungu mgongoni, arudi kwenye mstari, naye akarudi. Sikumwona tena, na sijawahi kumwaga sakafu nyingine.