Leza Kabla ya Usajili

Nikiwa kidato cha pili nilinenepa haraka, kisha nikakonda haraka zaidi, na mabega yangu yakabaki na michirizi. Mistari myembamba, myeupe kidogo kuliko ngozi, iliyopinda kutoka kwapani hadi mgongoni kama njia za mchwa kwenye ubao. Haikuuma. Hakuna mtu aliyeiona kwa miaka kumi, kwa sababu kwa miaka kumi sikuvua shati mbele ya mtu yeyote.

Natengeneza simu katika kibanda pale Giakanja. Sikusomea kazi hiyo. Nilifungua simu zilizokufa moja baada ya nyingine mpaka nikaelewa. Simu ikitoka mikononi mwangu haina hata alama ya kidole. Mteja anaweza kungoja saa nzima kwa ajili ya skrubu moja iliyokaa upande, na akiniambia inatosha, mimi naendelea. Watu husifu tabia hiyo. Mimi naijua vizuri kuliko wao, na siisifu.

Mwaka juzi ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kuruhusiwa kuingia polisi, na sikuwa nimejaribu hata mara moja. Umri ungenifungia mlango kabla ya usajili mwingine. Mama, ambaye huniita baba kwa kuwa nimepewa jina la baba mkwe wake, alikuwa amekwisha kuwaomba wanawake wa kanisa waniombee kwa zamu. Tangazo lilipotoka, tulikuwa na wiki tano.

Siku ya usajili afande hasemi mengi. Anakutazama, anakugusa bega, anakuambia toka. Kwa hiyo kila anayetolewa hurudi nyumbani na sababu aliyojitafutia mwenyewe, na kwetu sababu hizo zimegeuka kuwa sheria. Meno ya kahawia: vijana huyasugua kwa makaa mpaka fizi zinatoka damu. Kovu la panga. Kidole kilichopinda. Kuna aliyesema alitolewa kwa ajili ya kitovu, na mwaka uliofuata mama mmoja akamfunga mwanawe sarafu tumboni kwa kitambaa, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Kinyozi wa kibanda cha pili alikuwa ametolewa mara mbili, na kwa sababu hiyo alijiona mtaalamu. Asubuhi moja kabla ya wateja aliniambia nivue shati anikague kama afande. Nilikataa, akalivuta, tukacheka, kisha akapitisha kidole begani mwangu.

"Hii ni kitu ya wamama," akasema. "Kwani ulizaa lini na hukutuita tukuletee uji?"

"Wacha ujinga."

"Ujinga ni yako. Afande akiona hii anajua ulikuwa mnono. Na mtu alikuwa mnono atarudi kuwa mnono. Ati wakulishe bure miezi yote ya mafunzo?"

Nilijilazimisha kucheka tena. Baadaye nilifunga kibanda nikasoma juu ya leza kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikachaji, nikasoma tena. Nikajua kwamba michirizi mipya, ile myekundu, hutibiwa kwa mwanga unaolenga mishipa midogo ya damu. Ile ya zamani kama yangu hupigwa kwa leza nyingine, inayotoboa vitundu visivyoonekana ili ngozi ijijenge upya. Ipo pia ya kujaribu kurudisha rangi. Kila ukurasa ulionya kwamba ngozi nyeusi huweza kuungua, au kubaki na madoa meusi kuliko alama za kwanza. Sehemu hiyo niliisoma haraka.

Nilianza vizuri. Nilikwenda Nyeri mjini kwa daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye mikono baridi. Alinigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni ya zamani," akasema. "Leza haiifuti, kijana wangu. Inailainisha tu. Tunarudia mara kadhaa, na kila mara ngozi ipumzike mwezi ama zaidi."

"Hakuna njia ya haraka?"

"Kuna dawa ya kupaka, na hiyo pia ni miezi. Ngozi yetu ukiikimbiza inakuchoma. Nitajaribu kipande kidogo hapa nyuma, halafu tungoje tuone. Kwani uko na haraka ya nini? Harusi?"

"Hapana, daktari. Nataka tu."

Ningemwambia ukweli, labda angecheka na kuniambia niende usajili na mabega yangu yalivyo. Niliona aibu. Mwanamume anayesema anataka kazi ya bunduki, halafu analia juu ya ngozi. Nikasema nitarudi kufanyiwa hilo jaribio, na sikurudi.

Nilikwenda Kutus, ambako hakuna anayenijua. Nyuma ya saluni moja kulikuwa na kitanda na mashine ya leza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile vya viti vya sebuleni. Mwenye saluni hakuniuliza lolote isipokuwa kama ni mabega yote mawili. Nilimuuliza kama itauma.

"Kama sindano ya cherehani," akasema. "Lakini ya moto."

Ilikuwa hivyo hasa. Palinuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Alipomaliza nilijipiga picha za mgongo nikazikuza. Bega la kushoto alikuwa ameacha nafasi, upana wa vidole viwili, bila kuipitia.

Nilimwambia arudie.

"Hiyo nafasi pekee?"

Nilifikiria mstari ambao ungegawa sehemu iliyopigwa mara moja na iliyopigwa mara mbili, jinsi ungeonekana. "Yote," nikasema. "Mabega yote mawili, yafanane."

"Siku moja? Itakuwa nyingi."

"Rudia, mama. Mimi ndiye nimesema."

Alisimama kidogo na kile kichwa cha mashine mkononi. Kisha akarudia. Sijawahi kumlaumu, ingawa nimejaribu.

Malengelenge yalitoka siku ya pili. Shati liliganda mgongoni, nikawa nalilowesha ndipo livulike. Mama aliponiona nimevaa sweta juani nilimwambia nina homa, akanichemshia ndimu na tangawizi. Vidonda vikafanya magamba meusi, safu baada ya safu, yenye umbo la kile kichwa cha mashine. Asubuhi ya usajili, wiki ya tatu tangu nitoke Kutus, magamba mengine yalikuwa yameanguka na mengine hayajaanguka. Sikuvumilia kuyaona hivyo. Nililowesha kitambaa nikayabandua yote.

Uwanjani nilikimbia vizuri. Nasema hili bila kujisifu: nilikuwa katika kundi la kwanza kufika. Tukapangwa mstari, mashati chini. Kulia kwangu alisimama kijana mrefu, na nilipomtazama niliona michirizi mabegani na mikononi, minene kuliko yangu ya zamani. Nilimhurumia. Afande akaja, akamwambia afungue mdomo, akamtazama miguu, akamgeuza nyuma na mbele. Kisha akamwandika kifuani nambari ya waliokubaliwa kwa kalamu nene, akasonga mbele.

Alipofika kwangu alisimama.

"Hii ni nini? Umechapwa?"

"Hapana, afande. Ni leza."

"Leza ya nini?"

"Ya kutoa michirizi, afande."

Mtu akacheka nyuma yetu. Afande hakucheka. Alimwita daktari wao, aliyevaa glavu akanigusa kwa kidole kimoja. Glavu ikatoka na unyevu.

"Kidonda kibichi," daktari akasema. "Akibeba mzigo kesho, hii yote inachubuka. Hapana."

"Itapona, afande. Wiki moja."

"Enda hospitali kwanza, kijana," afande akasema, na alikuwa amekwisha kufika kwa aliyefuata.

Mama alikuwa akimkatia ng'ombe majani niliposhika lango. Aliuliza walisema nini. Nilikuwa nimetafuta jibu njia nzima, jibu ambalo si kosa la mtu.

"Ni miguu. Walisema nyayo zangu ni bapa."

Aliweka panga chini. "Hiyo ni ya kwetu," akasema. "Baba yangu alikuwa nayo. Vua kiatu." Nikavua. Akaushika mguu wangu kwa mikono yenye utomvu wa majani, akaupapasa chini, akatikisa kichwa kana kwamba ameona. "Ni mimi nimekuletea hii, baba. Nisamehe."

Nilimwambia si kitu. Hilo ndilo nililomwambia.

Michirizi ipo bado. Sasa ni myeusi, na juu yake zipo safu za madoa kama mistari ya daftari. Kinyozi anajua. Mama hajui. Aliwaambia wanawake wa kanisa ni mambo ya damu yake, na Jumapili moja nilimsikia akieleza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike, aliyemaliza shule mwaka jana, alisema usajili ukitangazwa atajaribu. Anakimbia kuliko mimi. Mama alikuwa akimenya viazi. Alimwambia asijisumbue, miguu ya ukoo wetu haikubaliwi, kakake ameshaona.

Nilikuwa mezani na simu ya mteja, nimeifungua, skrubu zimepangwa kwa ukubwa kwenye kifuniko. Mdogo wangu alinitazama, akingoja niyathibitishe au niyakanushe maneno ya mama. Niliinamia simu. Alivua soksi moja, akaukunja mguu juu ya goti, akakaa akiutazama wayo wake.